Waliuona Kila Moshi, na Bado Msitu Ukaungua

Januari iliyopita tulipiga kambi upande wa Kinangop, watu wanne na karavani moja. Karavani ni ya mjomba wangu. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama Naivasha, mimi sijazaliwa bado, na tangu hapo imekuwa ikikaa chini ya mti ikingoja mtu mwenye wazimu wa kuivuta. Mwaka huu huyo mtu nikawa mimi. Kutafuta kontenti, mnanijua.

Usiku wa pili, kama saa tatu hivi, nilitoka nje kutafuta mtandao nikaona mstari mwekundu kule juu kabisa, mahali mianzi inapoisha na nyasi zinaanza. Ulikuwa mwembamba kama waya wa jiko la umeme. Nikachukua video. Naona aibu kuandika hivi lakini ndivyo ilivyokuwa: nilirekodi karibu dakika mbili kabla akili haijaniambia kwamba ule ni moto na unatembea.

Nambari tuliyokuwa tumepewa tuliipiga mara sita. Iliita, ikaita, ikakata. Wakati sisi bado tunagombana na simu, wazee na vijana wa pale wakatupita na tochi, mapanga na matawi mabichi. Tukasema tunaenda nao. Guka mmoja akatuangalia miguu, akasema, "Nyinyi kaeni na hiyo nyumba yenu. Mkikuja na hivyo viatu mtaanguka tuwabebe, na moto nani atazima?" Tukamwambia sawa guka. Walirudi alfajiri wakiwa weusi kwa masizi, wakanywa chai yetu yote, wakaenda kukamua ng'ombe.

Nilirudi Nairobi na wazo moja ambalo niliona ni la busara sana: kwani ni vigumu kuweka mtu juu ya mnara, na darubini na redio, akae akiangalia tu? Nikaanza kusoma. Kumbe kuna nchi ilifanya hivyo hasa, tena kwa kiwango ambacho huwezi kuamini. Lakini hadithi yake haikuenda vile nilivyotarajia.

Nchi yenyewe ni Marekani, na mwaka ni 1910. Idara ya Misitu ya huko, Forest Service, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Ilikuwa na maadui kila kona: wenye reli, wenye migodi, wakata mbao, wabunge waliosema ni kupoteza pesa za watu. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikavu kupita kiasi katika milima ya Idaho na Montana. Mioto midogo mingi ilikuwa tayari inawaka, mingine ya radi, mingine ya cheche za garimoshi. Tarehe 20 Agosti upepo mkali ukaingia, na mioto ile yote ikashikana mikono. Kwa siku mbili, eneo la karibu hekta milioni 1.2 likateketea. Ukitaka kulipima kwa macho ya hapa nyumbani, ni kama uchukue kaunti ya Laikipia yote, halafu uongeze zaidi ya robo yake. Watu wasiopungua 85 walikufa, na wengi wao walikuwa wazima moto. Na usifikirie wazima moto wa sare na helmeti. Walikuwa vibarua, wahamiaji waliookotwa mjini wakapewa koleo wakaambiwa pandeni.

Katika moto huo kuna mtu anaitwa Ed Pulaski. Alikuwa renja, na upepo ulipogeuka alikuwa mlimani karibu na mji wa Wallace na wanaume kama 45. Aliwapeleka ndani ya handaki la mgodi wa zamani. Moto ulipopita mlangoni, hewa ikawa ya kuua, watu wakaanza kusukumana watoke nje. Pulaski akasimama mlangoni na bastola akawaambia atakayetoka atapigwa risasi. Wachache walifia mle ndani. Wengi walitoka hai, na yeye mwenyewe akabaki na macho na mapafu yaliyoharibika. Baadaye alikamilisha kifaa ambacho upande mmoja ni shoka na upande mwingine ni jembe, na mpaka leo wazima moto wa misitu wa huko wanakiita pulaski. Nilipoona picha yake nilicheka, kwa sababu karibu na kambi yetu nilikuwa nimemuona mtu ameweka shoka na jembe kwenye bega moja kwa kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba yeye hakuandikwa popote.

Sasa, idara changa ikishapigwa hivyo, inaweza kufikiria mambo mawili. Inaweza kusema moto ni sehemu ya msitu huu, tujifunze kuishi nao. Au inaweza kusema: haitatokea tena, hata moto mdogo kama wa kiberiti tutauzima. Walichagua la pili. Na ili uzime kila moto, lazima kwanza uuone.

Hapo ndipo minara ilipoanza kuota kama uyoga. Minara ya kuangalia moto ilikuwepo hata kabla ya 1910, lakini baada ya hapo ikawa mpango wa nchi. Mwanzoni mtu alipanda mti mrefu kwa misumari, akakaa kwenye kilele. Halafu vikaja vibanda. Kile kilichokuja kuwa maarufu zaidi ni chumba cha mraba, futi 14 kwa 14, madirisha pande zote nne, kitanda, jiko la kuni na meza. Mbao zilikatwa tayari kiwandani, zikafungwa vifurushi, zikapandishwa mlimani kwa nyumbu. Hapa nasema nyumbu wa kubeba mizigo, mtoto wa punda na farasi, si wale wa Mara. Madirisha yalikuwa na vifuniko vya mbao ambavyo wakati wa joto unaviinua vinakuwa kivuli, na theluji ikija unavishusha vinakuwa ukuta. Nilipenda sana hicho kitu kidogo. Mtu aliyekichora alikuwa ameshawahi kulala mahali pabaya.

Katikati ya chumba kulikuwa na chombo ambacho ndicho kilikuwa moyo wa kazi yote. Kilibuniwa na W. B. Osborne, mfanyakazi wa Forest Service kule Oregon, na kinabeba jina lake. Ni meza ya duara yenye ramani ya eneo lako, na mnara wako uko katikati kabisa ya ramani. Kuna pete ya chuma inayozunguka. Upande mmoja wa pete kuna tundu la kuchungulia, upande wa pili kuna unywele wa farasi umevutwa wima. Ukiona moshi unazungusha pete mpaka unywele ukate moshi katikati, kisha unasoma digrii. Unapiga simu: niko mnara fulani, moshi uko digrii fulani. Mwenzako wa mnara mwingine naye anasoma za kwake. Ofisini wanachora mistari miwili kwenye ramani, na pale inapokatana ndipo moto ulipo. Hakuna betri, hakuna setilaiti. Hesabu ya pembe ile tuliyoikimbia kidato cha pili.

Radi ikija, mwangalizi hakutakiwa kukimbia, kwa sababu radi ndiyo inayowasha mioto na lazima ahesabu inapopiga. Alichopewa ni kistuli chenye miguu iliyovishwa vikombe vya kioo, asimame juu yake ili umeme usimpitie. Hebu jifikirie uko juu ya mlima mrefu kuliko yote ya eneo lile, ndani ya sanduku la madirisha, umesimama juu ya stuli, unaandika.

Wanawake nao waliingia katika kazi hiyo mapema kuliko nilivyodhani. Mwaka 1913 Hallie Daggett aliajiriwa kukaa Eddy Gulch, katika msitu wa Klamath kaskazini mwa California, akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Forest Service kuangalia moto. Kulikuwa na wanaume waliodhani atashuka baada ya siku chache. Alirudi kila msimu kwa zaidi ya miaka kumi. Kumbukeni hilo jina la Klamath, nitalirudia.

Halafu ikaja miaka ya 1930. Uchumi wa dunia umeanguka, vijana hawana kazi, na Rais Roosevelt anaanzisha mwaka 1933 kikosi cha vijana cha CCC. Vijana kama milioni tatu walipitia humo mpaka kilipovunjwa 1942. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwao nyumbani. (Fikiria hiyo sheria hapa kwetu. Mamangu angeipenda sana.) Walijenga barabara, kambi za wageni, njia za miguu, na minara mingi ya moto. Jimbo la Idaho peke yake lilifika karibu vituo 1,000 vya kuangalia moto. Nchi nzima ilikuwa na maelfu.

Na katikati ya ujenzi huo, mwaka 1935, likatoka agizo ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi yote. Mkuu wa Forest Service wakati huo alikuwa Ferdinand Silcox. Mwaka 1910, moto ule mkubwa ulipotokea, Silcox alikuwa ofisa kijana katika ofisi ya Missoula, moja kwa moja ndani ya balaa lile. Miaka 25 baadaye akiwa bosi, anatoa sera iliyokuja kuitwa sera ya saa nne asubuhi: moto wowote ukionekana leo, lazima uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi kesho. Ukishindwa, unapanga upya uumalize kabla ya saa nne ya kesho kutwa. Na kadhalika. Haijalishi moto ni wa nini, uko wapi, unachoma nini.

Mimi simcheki Silcox. Ukishaona watu wanazikwa kwa makundi, unataka saa nne asubuhi. Na sera ilifanya kazi! Hilo ndilo jambo ambalo watu husahau kusema. Kwa miaka mingi mioto ilizimwa ikiwa midogo. Hata vita vilipofika, minara ilitumika kuangalia ndege za adui. Septemba 1942 rubani wa Japani, Nobuo Fujita, aliruka na ndege ndogo kutoka nyambizi akadondosha mabomu ya moto kwenye msitu wa Oregon karibu na mji wa Brookings, akitaka kuuwasha wote. Mwangalizi wa mlima Emily aliuona moshi, akaenda kwa miguu, moto ukazimwa kabla haujakua. Msitu ulikuwa na unyevu pia, tuseme ukweli, bahati ilisaidia. Fujita alialikwa kurudi Brookings mwaka 1962, na akawapa watu wa mji upanga wa familia yake. Kuna filamu nzima hapo lakini wacha tuendelee.

Shida ilikuwa chini, kwenye sakafu ya msitu, mahali ambapo mtu wa mnarani hawezi kuona. Misitu mingi ya misonobari ya magharibi mwa Marekani ilikuwa imezoea moto mdogo kila baada ya miaka michache. Moto huo hupita chini chini, unakula majani makavu, matawi yaliyoanguka na miche iliyosongamana, na kuacha miti mikubwa yenye maganda mazito ikiwa salama. Sasa ukizima kila moto kwa miaka 10, 30, 50, vile vilivyokuwa vinaliwa kidogo kidogo vinabaki. Vinarundikana. Miche inakuwa ngazi ya kupandisha moto mpaka vilele. Kila ushindi wa saa nne asubuhi ulikuwa unaweka kuni ghalani.

Na kulikuwa na watu waliolijua hilo muda wote. Turudi Klamath. Kando ya mto huo waliishi, na bado wanaishi, Wakaruk na Wayurok. Walikuwa wakichoma msitu kwa makusudi, kwa majira yake, vipande kwa vipande. Walichoma vichaka vya hazeli ili vichipue fito nyoofu za kusukia vikapu. Walichoma chini ya mialoni kuua wadudu wanaoharibu mbegu ambazo ni chakula chao. Kwao moto ulikuwa jembe. Idara ilipoingia, yule aliyechoma kwa maarifa aliwekwa kapu moja na yule aliyechoma kwa uzembe au uhalifu. Waliadhibiwa. Kwa hiyo Hallie Daggett akiwa kule juu anafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, mfumo aliokuwa jicho lake ulikuwa unawanyang'anya wenyeji wa bonde lilelile kiberiti chao. Hapo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea kidogo.

Marekani yenyewe ilianza kulegeza polepole. Hifadhi za taifa zilibadilisha msimamo 1968, na Forest Service ikaiacha rasmi sera ya saa nne mwaka 1978. Lakini ghala lilikuwa limejaa. Mwaka 2020, mwezi Septemba, moto uitwao Slater uliingia Happy Camp, mji wa Klamath ambao ni makao ya Wakaruk. Watu wawili walikufa na nyumba nyingi zikaisha. Ukoo ulioambiwa uache kuchoma ndio uliochomewa nyumba. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria ya kupunguza mzigo wa gharama kwa wanaochoma kwa utaratibu, wakiwemo wenyeji wanaochoma kwa mila zao. Ni vizuri. Ila ni zaidi ya miaka 100 baadaye.

Na minara je? Ndege, barabara na redio ziliimaliza nyingi. Mingine ilibomolewa, mingine ikachomwa makusudi na idara yenyewe ili isiangukie watu. Leo yenye mtu ndani ni mamia machache tu. California sasa ina kamera zaidi ya 1,000 milimani zinazoangalia usiku na mchana, na kompyuta inasaidia kutambua moshi. Lakini minara haikufa kabisa, na sababu ni watu wanaojitolea. Mwaka 1990 walianzisha chama chao, Forest Fire Lookout Association, na tangu hapo wamekuwa wakikarabati minara na kukaa ndani yake bila mshahara. Kule mlima Palomar, kusini mwa California, mnara wa Boucher Hill unaendeshwa na wao: wanafundishwa chombo kilekile cha Osborne, wanapangiwa zamu, wanapanda, wanaangalia. Kuna kitu bado wanakiweza vizuri. Anayekaa mahali pamoja msimu mzima anajua vumbi la lori linavyopanda, ukungu wa asubuhi unakokaa, na anaweza kupokeza ujumbe wa redio kwa kikosi kilicho bondeni ambako mawimbi hayafiki.

Sasa hapa ndipo karavani inaingia, maana najua mlikuwa mnaingoja. Huko kwao kuna watu, wengi wastaafu, wanaovuta karavani zao mpaka msituni, wanaziegesha kambini msimu mzima bila kulipa, na wao wanatunza kambi, wanapokea wageni, wanaangalia kama kuna mtu ameacha moto wa kupikia unawaka. Utamaduni huo ni wa zamani. Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream, alianza kutengeneza karavani za kuuza miaka ya 1930, zile za bati linalong'aa na ribiti kama ndege. Mwaka 1959 aliongoza msafara wa hizo karavani, zaidi ya 40, kutoka Cape Town hadi Cairo, na walipita hapa hapa Kenya, miaka michache kabla ya uhuru. Nimeziangalia picha za safari hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ni kitu cha ajabu, msururu wa mayai ya fedha kwenye barabara za vumbi. Ila sioni wenyeji waliokuwa wakizisukuma zikikwama wakipewa nafasi kubwa kwenye simulizi.

Karavani ya mjomba haing'ai. Lakini imenifundisha kusoma sehemu moja ya historia hii ambayo vitabu vinaipita haraka, yaani ukarabati. Tulipoifungua mara ya kwanza, plaiwudi ya kona ya kitanda ilikuwa imeoza, ukiigusa inaingia kama mkate. Tukaziba juu ya hiyo kona kwa silikoni. Mvua ikanyesha, maji yakaingia vilevile. Tukaziba tena. Fundi mmoja wa Naivasha ndiye aliyepanda juu akatuonyesha kwamba tundu lilikuwa upande wa pili kabisa, kwenye ukingo wa kidirisha cha paa. Maji yalikuwa yanaingia pale, yanatembea juu ya dari mpaka yanapata kona ya kushukia. "Ninyi mnaziba mahali linalia, si mahali limeumia," akasema, na akatutoza elfu mbili mia tano. Beringi za magurudumu zilikuwa kavu kabisa bila grisi. Matairi yalikuwa na uzi mzuri kwa kuyatazama, lakini pembeni yamepasuka pasuka kwa uzee, na tairi la hivyo linakupasukia njiani hata kama halijatembea. Betri imekufa. Panya wamekula nyaya za taa za breki.

Ukisoma wanaojitolea wanafanya nini kwenye minara, ni kazi hiyohiyo. Wanabadilisha mbao za ngazi zilizooza, wanakwangua rangi, wanaweka vioo, wanaziba paa. Vijana wa CCC walijengewa sanamu, na ni haki yao. Lakini mnara uliojengwa 1934 haujasimama mpaka leo kwa sababu ya 1934. Umesimama kwa sababu kila baada ya miaka michache mtu fulani, bila kulipwa, alipanda na brashi. Na hapa nina malalamiko: kazi hii ilikuwa ajira. Mtu alilipwa kukaa pale. Sasa inafanywa na mwenye pensheni na gari la kuvuta karavani, na serikali inasema asante. Sipendi wakati neno "kujitolea" linatumika kuficha mshahara uliofutwa. Nawaheshimu wanaopanda, na bado sipendi.

Ndiyo maana wazo langu la mnara Kinangop limebadilika. Sisi hatukosi macho. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, uliochoma kama kilomita za mraba 95, ulizimwa na mamia ya watu wa kujitolea wakiwemo wanafunzi. Moto wa Aberdare wa Februari 2022, watu wa pembezoni walipanda na matawi kama wale wa usiku wetu. Sheria yetu ya misitu ya 2016 inavitambua vyama vya jamii za msituni. Macho yapo, miguu ipo. Kinachokosekana kwanza ni mtu wa kushika simu. Kamera ya mamilioni ikituma picha kwa ofisi isiyopokea, itakuwa imefanya kile nilichofanya mimi: dakika mbili za video safi.

Cha pili ni kigumu zaidi. Idara yetu ya misitu ilianzishwa na mkoloni mwaka 1902, na tulirithi mawazo yake pamoja na ofisi zake. Msitu ni wa serikali, mwenyeji ni mshukiwa, moto wake ni kosa. Waogiek wa Mau walibebeshwa lawama ya kuharibu msitu mpaka Mahakama ya Afrika kule Arusha iliposema mwaka 2017 kwamba serikali haikuthibitisha kuwa ni wao. Mfugaji anayewasha nyasi ili mvua ikija zichipue anaitwa mhalifu bila mtu kumuuliza alichoma lini, upande gani wa upepo, na babake alichoma wapi.

Tafadhali msininukuu vibaya. Sisemi tuwashe Aberdare. Misitu yetu ya milimani ni ya unyevu, si misonobari ya Montana, na kuna sehemu ambazo moto mmoja unaua kitu kisichorudi maishani mwangu. Nasema tu kwamba Wamarekani walijua digrii kamili ya kila moshi na hawakumuuliza Mkaruk swali hata moja, na sisi bado tuna muda wa kumuuliza guka.

Mimi nilimuuliza, ile asubuhi, akinywa chai yetu. Nilitaka kujua ule moto uliwashwa na nani. Akasema hajui na haimsaidii kujua. Akanionyesha kwa kidole ukanda mmoja wa nyasi fupi, rangi tofauti na nyingine, pale moto uliposimama wenyewe kabla hawajaufikia. Akasema pale paliungua miaka mitatu iliyopita. "Hapakuwa na kitu cha kula," akasema, akaomba sukari.

Desemba tunarudi. Karavani imepata matairi mapya na paa limezibwa mahali limeumia. Nimenunua viatu. Na kwenye simu nina nambari ya guka, ya kijana wake mwenye boda, na ya mama wa duka lililo chini ya kilima. Nimezijaribu zote tatu, na zote zilishikwa.